Maji Kama Fidia: Historia ya Maji ya Kunywa katika Nyanda za Ngorongoro na Karatu tangu Miaka ya 1950

Anayesafiri kutoka mji wa Karatu kwenda lango la Loduare huvuka mpaka ambao ramani za utawala huuonyesha kwa mstari mwembamba, ilhali mawingu huuonyesha kwa uwazi zaidi. Chini ya lango kuna mashamba ya mahindi, ngano na maharage kwenye udongo mwekundu, na kandokando ya barabara kuna punda waliobebeshwa madumu ya maji. Juu ya lango kuna msitu wenye ukungu, ambamo barabara hulowa asubuhi hata kama mvua haikunyesha. Ukishavuka ukingo wa kreta na kuteremka upande wa pili kuelekea Olbalbal, Olduvai na Kakesio, nchi hukauka tena. Miteremko ya mashariki na kusini hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na uwanda wa Olduvai, ulio katika kivuli cha mlima, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa maana hiyo nyanda za juu za Ngorongoro ni kisiwa cha mvua kilichozungukwa na nchi kavu, na jamii zilizo pembezoni mwake zimeishi karne nyingi kwa kutegemea kile kinachotiririka au kuchuja kutoka kisiwani humo.

Makala haya yanachunguza jinsi jamii hizo zilivyopatiwa maji ya kunywa, au zilivyoyakosa, tangu miaka ya 1950. Swali linaloyaongoza ni jepesi kuulizwa. Kwa nini vijiji vingi vya wafugaji vilivyo ndani ya eneo lenye chanzo cha maji vimeendelea kuwa na huduma dhaifu ya maji, ilhali maji ya mlima huohuo yameendesha mashamba, mji na hoteli? Jibu linalotolewa mara nyingi ni la kijiografia: umbali, ukame, kina cha maji ardhini na kutawanyika kwa maboma. Jibu hilo lina ukweli, na sehemu ya makala haya italithibitisha. Hata hivyo, hoja ya msingi inayotetewa hapa ni ya kihistoria. Katika Ngorongoro maji yaliingia kwenye mahusiano ya dola na wananchi kama fidia ya ardhi. Kitu kinachotolewa kama fidia huhesabiwa siku kinapokabidhiwa. Baada ya siku hiyo ni vigumu kusema ni nani mwenye wajibu wa kukitunza na ni nani mwenye haki ya kukidai.

Maji kabla ya mkataba

Ni kosa kudhani kwamba mpango wa maji katika ukanda huu ulianza na serikali. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa upande wa mashariki wa nyanda hizi, yapo mabaki ya mifereji na matuta ya mawe ya jamii ya wakulima iliyostawi kati ya karne ya 15 na ya 18 kwa maji yanayoteremka kutoka milimani. Wanaakiolojia, akiwamo John Sutton, wameonyesha kwamba mfumo ule ulihitaji mgawanyo wa zamu na mamlaka ya kuusimamia. Wamaasai waliokuja kulitawala eneo hili walikuwa na kanuni zao. Kwa ujumla maji ya mto au ziwa yalikuwa ya wote, lakini kisima kilichochimbwa kwa jasho kilikuwa chini ya wale waliokichimba na ukoo wao, na mgeni aliomba zamu. Waliochimba ndio waliokifukua baada ya mafuriko na kukizungushia miiba. Umiliki na matengenezo vilikuwa jambo moja, na nukta hiyo inafaa kukumbukwa tunapofika kwenye pampu za dizeli.

Upande wa kusini, Wairaqw waliopanuka kutoka nyanda za Mbulu kwenda Karatu katika karne ya 20 walikuwa na desturi za kuziheshimu chemchemi kama makazi ya viumbe wa rohoni, na miti iliyozunguka chemchemi haikukatwa ovyo. Upanuzi huo ulichochewa baada ya mwaka 1947 na mpango wa kikoloni wa maendeleo ya Mbulu, uliofyeka vichaka vya mbung'o na kuwapunguza mifugo. Kabla ya hapo walowezi wa Kizungu, wengi wao Wajerumani, walikuwa tayari wameanzisha mashamba ya kahawa Oldeani. Mashamba yale yalitegemea vijito vinavyotoka msituni. Hivyo, kufikia katikati ya karne, msitu wa nyanda za juu ulikuwa na walinzi wenye masilahi chini ya mlima: mkulima wa kahawa na mkulima wa mahindi walihitaji uendelee kusimama ili vijito visikauke.

Mkataba wa 1958

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ilipopewa mipaka iliyotekelezwa kwa dhati mwaka 1951, ilijumuisha Ngorongoro pamoja na wakazi wake. Mvutano ulizuka mara moja. Mwaka 1954 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya hifadhi. Serikali ikapendekeza mwaka 1956 kuigawa hifadhi, pendekezo lililopingwa vikali na wahifadhi wa Ulaya na Marekani. Profesa W. H. Pearsall alitumwa kutoka Uingereza kufanya uchunguzi wa ikolojia, na ripoti yake ya mwaka 1957 ililipa suala la maji uzito ambao wasomaji wengi wa leo huusahau. Pamoja na hoja kuhusu wanyamapori, alisisitiza thamani ya misitu ya nyanda za juu kama chanzo cha maji kwa nchi inayoizunguka. Kamati ya Sir Barclay Nihill ilifuata mwaka huohuo, na uamuzi ukawa kutenganisha maeneo mawili: Serengeti bila watu, na Ngorongoro yenye watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja.

Tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini tamko la kukubali kuondoka Serengeti ya magharibi. Eneo waliloliacha lilijumuisha Moru, penye maji na malisho ya kiangazi. Muda wa kuhama uliwekwa wazi: kabla ya 31 Desemba 1958. Kwa upande wake serikali iliahidi kuendeleza vyanzo vipya vya maji katika eneo walilobakiziwa, ili kufidia kile kilichopotea. Mwaka uliofuata Sheria ya Hifadhi ya Ngorongoro ilianza kutumika, na mwezi Agosti 1959 Gavana Sir Richard Turnbull aliliambia Baraza la Wamaasai kwamba pale ambapo masilahi ya wanyamapori na ya wakazi yatagongana, ya wakazi ndiyo yatakayotangulia.

Tuukague muundo wa makubaliano hayo kama mwanasheria angekagua mauziano. Upande mmoja ulitoa kitu kinachoonekana, chenye mipaka na tarehe ya kukabidhiwa. Upande mwingine ulitoa huduma, na huduma haiishi siku ya kuzinduliwa. Bwawa hujaa tope, pampu huhitaji mafuta na bomba huoza. Ahadi ya Turnbull nayo haikuwa kifungu cha sheria ambacho mwananchi angeweza kukishikilia mahakamani. Issa Shivji na Wilbert Kapinga, katika utafiti wao wa mwaka 1998 kuhusu haki za Wamaasai wa Ngorongoro, wameonyesha jinsi haki za wakazi hao zilivyoachwa zikining'inia katika sheria zenyewe. Makala haya yanaongeza nukta moja tu juu ya hoja yao: kwa mfugaji, haki ya kukaa mahali isiyoambatana na haki ya maji ni haki ya msimu mmoja wa mvua.

Jambo jingine halina budi kusemwa hapa. Wote 12 waliotia saini walikuwa wanaume. Kazi ya kunywesha ng'ombe ilikuwa ya wanaume na vijana, na lugha ya maji katika nyaraka za wakati ule ni lugha ya ng'ombe: uwezo wa bwawa, umbali wa malisho, idadi ya mifugo kwa kila chanzo. Maji ya kupikia, ya kumwogesha mtoto na ya kumnywesha mgonjwa yaliletwa na wanawake, na wanawake hawakuwapo mezani. Dorothy Hodgson, aliyeandika historia ya Wamaasai wa Tanganyika na mabadiliko ya jinsia (2001), anaonyesha jinsi Mpango wa Maendeleo ya Umaasai wa miaka ya mwanzo ya 1950 ulivyomwona mwanaume mwenye ng'ombe kuwa ndiye mlengwa wa maendeleo. Mpango huo ulijenga mabwawa, visima virefu na mabomba, na kwa sehemu uligharimiwa na hazina ya Wamaasai wenyewe. Kwa hiyo, wahusika walipofika kwenye mkataba wa 1958 walikuwa na kielelezo mbele yao: maji ni miundombinu ya mifugo, hujengwa na wataalamu, hukabidhiwa.

Pampu, dizeli na tembo

Kilichofuata kinaweza kuelezwa kwa ufupi kwa sababu kinajirudia. Miradi ilijengwa kwa kweli. Ni dhuluma kwa watumishi wa wakati ule kudai kwamba ahadi haikutekelezwa hata kidogo. Mabwawa yalichimbwa, visima vilitobolewa, mabomba yalitandazwa. Lakini watafiti waliofika Ngorongoro katika miaka ya 1980, wakiwamo Kaj Århem na baadaye Katherine Homewood na W. A. Rodgers, walikuta sehemu kubwa ya miundombinu hiyo imeharibika au imeachwa. Sababu za kiufundi zinafahamika. Miamba ya volkano ina nyufa zinazoyapeleka maji chini sana, hivyo kisima huhitaji kina kirefu na pampu yenye nguvu. Pampu ya dizeli huhitaji mafuta yanayosafirishwa kwa barabara ambazo masika huzikata. Malambo yaliyo kwenye majivu ya volkano hujaa tope upesi, hasa ng'ombe wengi wanapoyakanyaga kingo. Na tembo hufukua bomba lililozikwa juujuu pindi wanapohisi maji. Hakuna mhandisi wa Ngorongoro asiyelijua hilo.

Pale penye chemchemi ya juu na kijiji cha chini, maji ya mserereko yalidumu zaidi, kwani hayahitaji mafuta. Hesabu ifuatayo inaeleza tofauti hiyo. Kunyanyua mita moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha mita 600, ambacho ndicho takriban kimo cha ukingo wa kreta kutoka sakafuni, kunahitaji zaidi ya uniti moja na nusu ya umeme kabla ya kuhesabu hasara za pampu na msuguano wa bomba. Baadhi ya hoteli za ukingoni zimekuwa zikitumia maji yanayovutwa kutoka ndani ya kreta, kwa kuwa biashara ya utalii inaweza kulipia nishati hiyo. Kijiji cha wafugaji hakiwezi. Tofauti kati ya hoteli na kijiji, basi, haikuwa umbali kutoka kwenye maji. Ilikuwa ni nani analipa kila siku ya Mungu ili maji yapande.

Sera ya taifa haikusaidia sana. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi na salama ndani ya mita 400 ifikapo mwaka 1991, na maji ya vijijini yalikuwa bure. Nia ilikuwa njema, na iliendana na roho ya Azimio la Arusha. Hata hivyo, maji ya bure yalimaanisha kwamba fedha za spea zilitoka Hazina au kwa wafadhili, na mgogoro wa uchumi wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulipoingia, pampu zilinyamaza nchi nzima. Katika Umaasai ulikuwapo pia mpango wa kuwakusanya wafugaji katika makazi ya kudumu, Operesheni Imparnati, uliohitaji maji ya kudumu mahali ambapo awali watu waliyafuata maji kwa msimu. Kuhama kwa msimu kulikuwa ndiyo teknolojia yenyewe ya maji: badala ya kuyasafirisha maji, watu walijisafirisha. Kila sera iliyowataka watu watulie iliongeza deni la maji ambalo mtu fulani angepaswa kulilipa.

Wakati huohuo vyanzo vya asili vilizidi kufungwa. Mwaka 1974 wakazi waliokuwa wakiishi ndani ya Kreta ya Ngorongoro, kwenye mto Munge na chemchemi zake, waliondolewa. Kwa miongo iliyofuata wafugaji waliruhusiwa kuteremsha mifugo mchana kwa ajili ya chumvi na maji na kuipandisha jioni. Mwishoni mwa mwaka 2016 agizo la Waziri Mkuu lilisitisha pia utaratibu huo, na suala la mbadala wa maji na chumvi likaibuka upya. Ukiiweka miaka hiyo mitatu pamoja, 1958, 1974 na 2016, unaona mwendo mmoja: chanzo cha kudumu kinafungwa, na maji ya mahali pengine yanazungumziwa.

Ilikuwa pia vigumu kujua mlango wa kubisha. Mkazi wa Endulen au Nainokanoka ana halmashauri ya wilaya yenye makao Loliondo, na ana mamlaka ya hifadhi ambayo idhini yake inahitajika kabla ya kuchimba, kujenga au kutandaza bomba. Bomba linapokatika, kila ofisi ina sababu ya kutaja nyingine. Baraza la Wafugaji lililoundwa mwaka 1994 lilipunguza pengo hilo kwa kiasi, na mradi wa Ereto, neno la Kimaasai lenye maana ya msaada, ulioanza mwaka 1998 kwa fedha za Denmark, ulikarabati vyanzo vya maji sambamba na kuzirudishia kaya maskini mifugo. Wengi huutaja mradi huo kwa wema. Kwa mtazamo wa makala haya, ubora wake ulikuwa kuanza na yale yaliyokwisha kuharibika. Udhaifu wake ulikuwa ule wa kila mradi: una tarehe ya kufungwa.

Karatu: maji ya kulipia

Tunapoteremka tena Karatu tunakuta historia nyingine, iliyoanza na maji ya mlima uleule. Hapa wananchi hawakuwa wameahidiwa maji badala ya ardhi yoyote. Walikuwa wakulima wanaoongezeka, katika mji uliokuwa ukikua kwa ajili ya watalii wapitao, na katika eneo lililokuja kuwa wilaya kamili katika miaka ya 1990 baada ya kumegwa kutoka Mbulu. Chombo cha wananchi kinachojulikana kwa kifupi kama KAVIWASU kilijenga huduma ya kuvuta maji ya visima virefu na kuyauza kwa wakazi wa mji na vijiji vya jirani. Mtumiaji alilipa, na alijua analipa nini: umeme, mafundi, spea. Serikali ilipounda baadaye mamlaka ya maji ya mji wa Karatu, mji mmoja ukawa na watoa huduma wawili na bei zilizotofautiana kwa uniti, na katika miaka ya 2010 mgogoro wao ulifika hadi ngazi ya kitaifa.

Mgogoro huo umezungumzwa sana kama suala la siasa za vyama, kwa kuwa Karatu ilikuwa jimbo la upinzani tangu uchaguzi wa 1995. Siasa zilikuwapo, bila shaka. Lakini msomaji wa historia anapaswa kutazama kile kilichowawezesha wananchi kugombana. Waligombania mali waliyoiona kuwa yao. Walisoma bei, wakalinganisha, wakaitisha mikutano, wakadai hesabu. Hakuna mkutano wa namna hiyo unaoweza kuitishwa juu ya kisima kilichotolewa kama fidia na kusimamiwa na mamlaka ambayo haikuchaguliwa na wanaokitumia. Sheria ya Huduma za Maji Na. 5 ya mwaka 2019, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, pamoja na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, imejaribu kuweka utaratibu mmoja nchi nzima. Sheria ya Matumizi ya Maji Na. 42 ya mwaka 1974 ilikuwa imekwisha kutamka kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri. Swali lililobaki tangu wakati huo ni nani anashika ufunguo wa nyumba ya pampu.

Nisieleweke vibaya. Karatu si mfano wa kuigwa kwa kila jambo. Anayelipa kwa uniti huacha nyuma yake asiyeweza kulipa, na kaya maskini za pembezoni bado hutegemea punda na muuzaji wa madumu. Huko Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, chemchemi zikiwamo za Qangdend, zinazolishwa na maji yaliyochuja kutoka nyanda za juu, zimegeuza nchi kavu kuwa mashamba makubwa ya vitunguu. Mfereji wa kitunguu una fedha, ndoo ya kunywa haina, na Wadatoga na Wahadzabe walio chini ya mkondo wamekuwa wa mwisho kupata zamu. Na kila tone la Karatu na Mang'ola linategemea msitu unaolindwa ndani ya hifadhi. Wafugaji waliobanwa na masharti ya ulinzi huo hawajawahi kuingizwa katika hesabu ya bei ya maji chini ya mlima.

Safi kwa kipimo gani

Hadi hapa neno maji limetumika kana kwamba kupatikana ni kutosha. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi, na maji yanayokaa muda mrefu ndani yake huitwaa. Vijito vya msituni kwa kawaida huwa na kiasi kidogo. Visima virefu na maji ya sakafu ya bonde huwa na kiasi kikubwa zaidi, ingawa hutofautiana sana kati ya kisima na kisima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kiwango cha chini kingefunga vyanzo vingi vilivyokuwapo. Kiwango hicho cha muda kilidumu miongo kadhaa, kikashushwa hadi 4, na baadaye kikalinganishwa na kile cha kimataifa. Watoto waliokua katika miongo hiyo wana meno ya kahawia, na baadhi ya wazee wana mifupa iliyopinda. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, mbinu ya kuchuja floraidi kwa chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa imeendelezwa kwa miaka mingi. Inafanya kazi, ila chujio huchoka na sharti libadilishwe, jambo linaloturudisha kwenye swali la nani analipa kila siku.

Kihistoria, jambo la kushangaza ni ukimya. Ahadi za 1958 zilihesabu vyanzo. Ukosefu wa maji ulipimwa kwa umbali na wingi, wala si kwa kile kilichomo. Kisima kilichotobolewa mahali pa chemchemi iliyofungwa kingeweza kutimiza ahadi kwa idadi huku kikimpa mtoto maji mabaya kuliko yale aliyoyaacha.

Wingi wenyewe nao ulipimwa kwa kipimo cha mkulima. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inaweka lita 25 kwa mtu kwa siku ndani ya mita 400. Ng'ombe mmoja wa kienyeji wakati wa kiangazi hunywa kiasi kama hicho au zaidi. Katika kaya yenye watu saba na ng'ombe ishirini, mradi uliosanifiwa kwa watu saba utakauka kabla ya saa nne asubuhi, na atakayerudi na dumu tupu ni mama, kwa kuwa ng'ombe hufika kwenye mbauti kwanza wakiwa wamesimamiwa na wanaume. Kaulimbiu ya sasa ya kumtua mama ndoo kichwani ni njema, japo inaonekana ilibuniwa na watu wa kwingine: Ngorongoro mzigo wa maji hubebwa mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, au huwekwa juu ya punda.

Ahadi ya pili

Wakati mkataba wa Serengeti unatiwa saini, wakazi wa eneo lililokuja kuwa hifadhi ya Ngorongoro walikadiriwa kuwa 8,000. Kufikia mwaka 2017 walizidi 90,000. Tofauti hiyo ndiyo hoja kuu ya serikali katika kueleza uamuzi wa kuwahamisha kwa hiari, na mwezi Juni 2022 kaya za kwanza zilipelekwa Msomera, wilayani Handeni. Miongoni mwa huduma zilizotajwa kuwasubiri huko, pamoja na nyumba, shule na zahanati, ni maji ya bomba.

Mwanafunzi wa historia hawezi kuisoma orodha hiyo bila kurudi kwenye mwezi Aprili 1958. Maji yanatajwa tena kama sehemu ya bei ya ardhi. Tofauti zipo, na ni lazima zitambuliwe: leo iko sheria ya huduma za maji, viko vyombo vya watumiaji vinavyoweza kusajiliwa, na wanawake wanahudhuria mikutano na kusema. Upande wa pili, wapo waliobaki. Maandamano ya Agosti 2024 katika barabara ya hifadhi yaliihusu hatima yao, na mwezi Desemba mwaka huo Rais alitangaza tume mbili, moja ya kuchunguza suala la ardhi na nyingine utekelezaji wa uhamaji. Wakati mjadala huo ukiendelea, Kakesio na Olbalbal zinaingia kiangazi kama kawaida. Mradi mpya wa maji katika kijiji ambacho hakijulikani kitakuwapo ni vigumu kuutetea mbele ya mpanga bajeti, na mradi wa zamani usiokarabatiwa huwa sababu nyingine ya kusema kwamba watu hawawezi kuishi pale. Punda wa Kakesio, kwa sasa, bado wanatoka alfajiri.